Mikono Miwili ya Kaftani

Bushra na Itto hushona wamepeana migongo, ukinyoosha mkono unawagusa wote wawili. Lakini mwezi ule maneno yao yote yalipitia kwangu.

"Mwambie huyo anipe mkasi."

"Mwambie huyo mkasi kaukalia mwenyewe."

Chanzo kuskusi, chakula chetu cha chembe za ngano. Katika karakana yetu ya ushonaji hapa Fes, Moroko, kila Ijumaa mmoja wetu hupika, na siku ya zamu ya Bushra, Itto alisema chumvi imezidi. Ningewavumilia hata mwaka, ila kaftani iliyokuwa mezani ilikuwa ya mwanangu Nuhaila, na harusi yake ni Jumapili. Ijumaa asubuhi niliitundika niitazame. Mkono wa kulia, alioushona Bushra, mpana. Wa kushoto, wa Itto, mwembamba. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Nilitamani kuwachoma sindano. Lakini zamu ya kupika ilikuwa yangu, basi nikaweka sinia, nikawakalisha uso kwa uso. Kwetu kila mtu hula upande wake, na nyama ya katikati haiguswi mpaka mkubwa agawe. Mkubwa ni mimi, na sikugawa.

Kuskusi ikapungua, mboga zikaisha, nyama imekaa tu.

"Mwambie huyo ale," akasema Bushra.

"Mimi leo si posta."

Wakatazama sinia. Mwishowe Itto akaisukuma nyama upande wa Bushra. Bushra akairudisha.

"Kula wewe. Umekonda kwa kununa."

"Wallahi siili kabla yako. Na siku ile jino lilikuwa linaniuma, kila kitu nakiona kichungu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningekwambiaje, ushanigeuzia mgongo?"

Bushra akacheka mpaka akapaliwa, Itto akampiga mgongoni, kisha wote wakaiona kaftani.

"Mkono gani huo, Bushra? Anapita ngamia."

"Na wako je? Utamziba bibi harusi damu."

Wakafumua mikono yote miwili, wakashona bega kwa bega hadi magharibi, wakitaniana bila kupumua.

Jumapili Nuhaila aliinua mikono yake yenye hina, na mikono ya kaftani ikateremka sawasawa. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya. Nyuma yangu wale wawili walikuwa wananong'ona, wakidhani siwasikii.

"Ila kuskusi yake ile ya Ijumaa, haikuwa na chumvi hata chembe."

"Hata chembe. Usimwambie."