Prosesa Yenye Miguu

Mimi si mwoga. Mende namuua kwa kiganja, na mteja anayekuja kunifokea kuhusu pindo la gauni hutoka kwangu akiomba radhi. Lakini siku ile, mbele ya kaunta ya duka la kompyuta, nilishika ukingo wa kioo kwa mikono miwili ili shemeji yangu asijue ninavyoogopa.

Mbele yetu kulikuwa na prosesa mbili. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na ya kwetu nyumbani ilikuwa inakata roho: inapata moto, inazima, inawaka inapojisikia. Kwa watu wengine huo ni usumbufu tu. Kwetu sisi, mle ndani ndimo ilimokuwa sauti ya mume wangu.

Mwenyewe yupo, anakula, ananuna, anaacha taulo lililolowa juu ya kitanda. Alikuwa mtangazaji wa mechi uwanjani, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Spika. Kisha ugonjwa ukamkaa kooni, madaktari wakasema sehemu yote ya kutolea sauti ikatwe. Kabla ya kupasuliwa alijifungia na maikrofoni, akasoma maneno mpaka akakaukwa na mate, na programu ikayameza yote. Sasa anapumua kwa tundu la shingoni. Akitaka kusema anachapa, na kompyuta inasema kwa sauti yake ileile, na kiburi chake chote.

Ila waliotengeneza programu ile, Mungu anawaona, waliifunga kwenye mazabodi, yaani ule ubao mkubwa wa ndani ambao kila kitu kimechomekwa juu yake. Ukibadilisha mazabodi, sauti haifunguki. Na wenyewe walishafunga ofisi wakapotea.

"Chukua mpya, dada," muuzaji akasema. "Ina nguvu, ina waranti."

Akaigeuza. Chini ilikuwa bapa, madoadoa ya dhahabu tu. Ile nyingine ilikuwa mtumba, na tumbo lake lilijaa vimiguu vyembamba kuliko pini zangu za nguo.

Shemeji yangu, mdogo wake Spika, ni fundi kompyuta. Kwa mwendo wake tunamwita Taratibu. Akanivuta pembeni.

"Shemeji, hii mpya soketi yake, yaani pale inapochomekwa, ni tofauti. Kwetu haiingii hata uipige nyundo. Ukiitaka, tununue na mazabodi yake, halafu tujaribu kuihamisha sauti."

"Tujaribu maana yake nini?"

"Maana yake sijui."

"Na hii ya miguu?"

"Inaingia bila kubadilisha chochote. Lakini soketi ya aina yetu hawaitengenezi tena. Nimezunguka mji mzima, nimeikuta hii tu. Ikiharibika, basi tena."

Nilitamani kumzaba kofi, ingawa hakuwa na kosa. Mpya na nzima, ambayo huenda ikamfunga mume wangu mdomo moja kwa moja. Au kuukuu, iliyotoka kwa watu nisiowajua, isiyo na mwenzake. Nikachagua ya miguu. Njia nzima niliikumbatia kifuani, nikimfokea kila aliyenisogelea.

Nyumbani tuliondoa cherehani mezani, tukailaza kompyuta ubavu. Taratibu akaifungua, akaitoa prosesa mbovu, akafuta grisi iliyokauka. Spika alisimama nyuma yangu.

"Iweke wewe, shemeji," Taratibu akasema. "Mkono wako mwepesi kuliko wangu. Ilinganishe na vitundu, uiachie, iketi yenyewe. Usiibonyeze."

Nikailinganisha, nikaiachia. Ikakaa upande. Sasa, mikono yangu imeshona vifungo vya kubana maisha yake yote. Kifungo cha kubana ukikiweka, unakandamiza mpaka kilie "ta", ndipo unajua kimeshika. Prosesa haikulia. Kidole gumba kikashuka chenyewe.

"Shemeji!" Taratibu akapiga ukelele, yeye ambaye hata kuku hamfukuzi kwa sauti.

Tukaiinua. Pembeni, vimiguu viwili vilikuwa vimelala.

"Vinanyooka?"

"Vinanyooka. Au vinakatika."

"Vikikatika?"

Akaigeuza prosesa kwenye mwanga, akavitazama vile viwili. Jamani, niliogopa! Niliogopa kuliko siku ya upasuaji, maana siku ile niliahidiwa kwamba kuna kitu kitabaki. Nikajaribu kuikumbuka sauti yake anavyoniita jikoni, isinijie. Nitaisahau, nikajiambia. Miaka itapita, niisahau kabisa, naye amelala kando yangu.

"Lete sindano yako nyembamba kuliko zote," Taratibu akasema. "Hii kazi ni yako."

Nikaipitisha sindano chini ya mguu wa kwanza, nikausukuma kidogo mno, nikaacha, nikausukuma tena. Nyuma yangu pumzi ya Spika ilikuwa inapiga mluzi tunduni, haraka haraka, kama anavyopumua akiogopa. Mguu ukasimama. Wa pili ulikuwa umejikunja zaidi.

"Ondoka nyuma yangu, unanitia kiwewe!"

Akaondoka. Akarudi.

Mguu wa pili nao ukasimama. Nikailinganisha upya, nikaondoa vidole nikavificha kwapani. Safari hii ikazama yenyewe, kimya kabisa. Taratibu akaifunga kwa kile kishikio chake, akapaka grisi, akarudisha feni, akawasha.

Feni ikazunguka. Kioo cha kompyuta kikabaki cheusi.

Spika alikuwa ameketi mbele ya kibodi. Nikavuta kiti, nikajitupa kando yake bila kubandua macho kwenye kioo kile cheusi. Akaanza kunipiga begani.

"Tulia," nikamwambia.

Akanipiga kwa nguvu zaidi.

"Subiri bwana! Nyamaza!" Ndivyo nilivyomwambia, mwanaume asiye na sauti.

Kioo kikawaka. Kikawaza, kikawaza, kisha programu ikafunguka. Spika akaichapa kibodi kwa mikono miwili, na sebule nzima ikajaa sauti ya mtu anayetangaza goli:

"Mguu wa kiti uko juu ya kidole changu, mwanamke!"

Taratibu alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mimi machozi yalikuwa yananitiririka hadi kidevuni. Kiti sikukisogeza.

"Sema tena," nikamwambia.