Bustani ya Mgeni Mheshimiwa Sana

TANGAZO KUU. Yajulikane kwa raia wote wapenda maendeleo kwamba Jumamosi ijayo, saa nne kamili asubuhi, Mgeni Mheshimiwa Sana atakagua Bustani ya Umma ya mtaa huu. Bustani iwe safi, iwe na maua, na iwe na furaha. Ni amri.

Ndivyo ilivyosema karatasi ya herufi kubwa iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme, pale laini za polisi, yaani nyumba zao za kazini, zinapokutana na vibanda vya mtaa wa Kamwokya. Chini yake palikuwa na muhuri wa zambarau, mkubwa kama kisosi. Tatizo lilikuwa dogo tu: mtaa haukuwa na bustani. Ulikuwa na jaa.

Tatizo la pili lilijulikana kwa mtu mmoja peke yake. Hakukuwa na mgeni.

Mtu huyo alikuwa Zubaida, binti wa Koplo Abubaker, mwenye umri wa miaka kumi na sita, aliyerudi likizo ya Aprili kutoka shule ya bweni. Huko alikuwa amejifunza hesabu kidogo, Kilatini kidogo zaidi, na kuchonga mihuri kwa kiazi kitamu kwa ustadi wa kutisha. Muhula uliopita kiazi kimoja kiliwatoa wasichana kumi na mmoja kwenda kwa daktari wa meno siku moja. Wote walirudi na meno yao kamili na midomo inayonukia sambusa.

Nia yake safari hii ilikuwa tukufu. Bibi yake, Habuba Kulusum, alikuwa amezoea kukaa nje kila alasiri akisuka vifuniko vya chakula vya rangi rangi na kumsalimu kila mpita njia, pamoja na wale asiowapenda. Jaa lilipokaribia mlango, inzi walimrudisha ndani. Tangu hapo alisuka gizani na hakumsalimu mtu. Koplo Abubaker aliomba jaa liondolewe mara tatu, kwa adabu. Zubaida aliamua kuomba mara moja, bila adabu.

Wala hakuna aliyeuliza. Mwaka ule wa 1974 karatasi yenye muhuri haikuulizwa imetoka wapi. Iliulizwa inataka nini.

Kesho yake alfajiri Nanyama, muuza mkaa, alitoka akipiga debe tupu kwa mwiko. "Bulungi bwansi! Kazi ya mtaa! Aliyelala atamwambia nini Mgeni Jumamosi?"

Walitoka wote. Wauza samaki walichota taka kwa toroli, wake wa polisi wakafyeka, na fundi wa baiskeli akafukia matairi nusu nusu yawe kingo za vitalu. Adyero, mke wa sajini, alileta maua mekundu ya kana kutoka kwao Gulu, yakiwa yamefungwa katika gazeti kama watoto wachanga. Polisi nao walileta walichokuwa nacho, yaani chokaa. Kwa desturi ya laini za polisi, kitu kisichotembea hupakwa chokaa. Mawe yalipakwa, nguzo ikapakwa, na kuku mmoja wa Nanyama aliyesita kidogo akapakwa pia.

"Huyo kuku mtamlipa!" Nanyama alifoka.

"Tumlipe nini, dada? Si tumempandisha cheo?" polisi mwenye brashi alijibu.

Koplo Abubaker alichaguliwa mwenyekiti kwa sauti moja, kwa sababu suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi. Alipanga zamu za kumwagilia, kila nyumba na siku yake. Kufikia Alhamisi Habuba alikuwa nje na mkeka wake, akisalimu watu na kuwasahihisha wanavyoshika jembe. Zubaida alimtazama akajiona kama mtakatifu aliyesahauliwa na kanisa na msikiti kwa pamoja.

Ijumaa asubuhi baba yake alivunja utakatifu huo.

"Baada ya swala nakwenda makao makuu," alisema akipiga kofia yake brashi. "Nikaulize jina la Mgeni. Mwenyekiti hawezi kumkaribisha mtu asiyemjua jina."

Zubaida aliiacha chai yake. Wakati ule mtu aliyekwenda kuuliza habari za wakubwa aliweza kurudi amechelewa kidogo, tuseme miaka sita. Wengine hawakurudi hata kuchelewa.

Wanaume walipokuwa msikitini aliandika karatasi ya pili, safari hii mbiombio kwa mwandiko wake wa kawaida, akakimbia nayo na kikopo cha uji wa muhogo badala ya gundi. Alikuwa ameshabandika pembe tatu aliposikia maji yakimwagika nyuma yake. Ilikuwa zamu ya Adyero.

"Binti wa koplo," alisema Adyero, ndoo mkononi, "serikali imekuajiri lini?"

Kabla hajapata uongo wa kufaa, baba yake alitokea akisukuma baiskeli, kofia kichwani. Alisoma kwa sauti: "Mgeni Mheshimiwa Sana amepatwa na mafua makali. Ukaguzi umeahirishwa."

Akaukaribia mwandiko. "Hii 'g' yenye mkia wa panya naijua. Huniomba sukari kwa barua kila muhula." Akamgeukia binti yake. "Unathubutu kumwahirisha mgeni wa serikali? Sasa ndiyo lazima niende mbio, nikaombe radhi!"

Akapanda baiskeli. Zubaida aliidaka kwa nyuma kwa mikono yote miwili, ingali na uji.

"Usiende, Baba! Hakuna mgeni. Hajawahi kuwapo. Karatasi ya kwanza pia ni yangu. Ukiuliza, watakuuliza wewe."

Koplo Abubaker alishuka polepole. Alitazama maua, matairi, mawe meupe, na mama yake aliyekuwa akimgombeza mtu kwa furaha upande wa pili.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi," alisema Adyero, "na mimi ni kiziwi tangu dakika mbili zilizopita." Akabonyeza pembe ya nne ya karatasi ikashika. "Lakini koplo, mafua hupona upesi. Mwambie binti aongeze: bustani itunzwe kwa zamu mpaka Mgeni apone. Na asiharakishe kupona."

Koplo alifikiri, akatoa kalamu mfukoni, akampa binti yake. Zubaida aliandika. Baba yake alisimama mbele yake kumkinga asionekane.

"Adhabu yako ni zamu yangu ya maji mpaka shule ifunguliwe," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa nitazame. Kuna jingine ninalopaswa kujua?"

Zubaida alitazama viatu vyake, kisha mawingu. Mwisho akamtazama baba yake, kwa kukosa pengine pa kutazama.

"Nilibandika karatasi nyingine mtaa wa Bugolobi, Baba," alisema. "Nao wanapanda tangu juzi."