Minazi ya Upande wa Kibla

Mimi si mtu wa kubembeleza, na wanaonijua hapa Msambweni hawangoji niwabembeleze. Nashona makuti. Nimeshona tangu nikiwa msichana, na huenda mgeni aliyelala hotelini Diani amelala chini ya kazi ya mikono yangu asijue. Nasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba nilikataa kuuza minazi yangu kwa ukaidi mtupu. Ukaidi ninao, sikatai, lakini siku ile nilikuwa pia na sababu.

Minazi yenyewe aliniachia bibi yangu Hasina. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Shamba laweza kuwa lako, na mnazi uliosimama katikati yake ukawa wa shangazi yako, naye akaja kuangua nazi zake bila kukuomba ruhusa, ila kukusalimu tu. Bibi aliwaita wazee na majirani, akasema shamba ni la wajukuu wote, lakini safu ya minazi ya upande wa kibla ni ya Mwanasiti, ndiye mimi, peke yake, kwa kuwa ndiye aliyeimwagilia maji ilipokuwa miche. Wadogo zangu wawili, Makame na Ubeid, walikuwapo na waliitikia.

Tulikuwa maskini, sitapamba. Makame ndiye aliyekuwa mkwezi, na hapakuwa na mnazi uliomtisha. Ubeid aliyafunga makuti kwenye baiskeli na kuyapeleka Diani, akirudi amechoka na hadithi za wazungu. Mama yetu, Ummulkheir, na mimi tulikunja majani na kuyashona kwenye fito. Paa letu wenyewe lilikuwa likivuja, maana makuti mazuri yote tuliyauza.

Mchana tulikula kwenye sinia moja, kila mtu na upande wake, samaki katikati, mama akimsukumia huyu kipande na yule kipande. Makame alikuwa na ujanja wake. Alikuwa akimwonyesha Ubeid kunguru juu ya paa, Ubeid akiinua macho, tonge la upande wake limeshakwenda. Ubeid alimwita mwizi na sote tukacheka mpaka mama atukemee. Kila siku kunguru yuleyule, na kila siku Ubeid alitazama. Nadhani alitazama kwa kupenda.

Kisha akaja Tembo, dalali wa Ukunda, mtu mwembamba mwenye mdomo mtamu. Alikuwa na mteja wa bara aliyetaka kujenga jumba la wageni karibu na pwani, na shamba letu lilimpendeza. Sikupinga. Nami nilitaka mama alale mahali pasipovuja, na fungu langu ndilo lililonunua kiwanja nyuma ya msikiti na kumjengea nyumba ya vyumba viwili. Lakini nilisema mbele ya Tembo, mbele ya mnunuzi na mbele ya ndugu zangu kwamba shamba linauzwa na minazi ya upande wa kibla haimo. Mnunuzi alicheka, akasema minazi inapendeza kwenye picha, na kwamba nitaingia kuangua na kukata makuti kama zamani.

Makame alinunua gari, akahamia Ukunda, akaoa mke, Nadhira, na akaanza kuvaa miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba. Ubeid alinunua tuktuk, akaongeza nyingine, akawapa vijana waendeshe huku yeye akikaa kivulini na simu. Wote wawili hawakushika tena kuti. Nikamtafuta mkwezi wa kulipwa, kijana anayeitwa Kahindi, nikaendelea na kazi yangu.

Haukupita muda Ubeid akasikia barazani kwamba Makame na Tembo walikuwa wamechukua chao pembeni kabla ya mgawo. Alikuja mbio mpaka kwa mama, ambako Makame alikuwa amepita kusalimia, akamwuliza waziwazi. Makame hakukana. Alisema yeye ndiye aliyehangaika kumtafuta mnunuzi wakati Ubeid amelala. Ubeid akamwita mwizi. Neno hilohilo alikuwa akimwita kila mchana kwenye sinia, na siku hiyo hakucheka mtu. Mama alisimama mlangoni na ushungi wake mkononi.

Tangu hapo kila mmoja alikuja peke yake, tena kwa kushindana. Makame alimletea mama friji. Ubeid alipopata habari akamletea televisheni kubwa kuliko ukuta wa kuitundika. Mama alishukuru, akaombea, kisha akaingia jikoni na kupika kwa sufuria lilelile kubwa na kupakua kwenye sinia lilelile, tukawa tunakula wawili kwenye pembe moja. Nilimwambia tununue sahani. Alinijibu kwamba sinia lina wenyewe.

Utajiri wa namna hii ukiisha hauagi. Gari la Makame liliingia kwa fundi Ukunda na halikutoka. Nadhira alirudi kwao, na simlaumu, kwa kuwa alikuwa ameahidiwa mambo ambayo hata mimi ningeyataka. Ubeid aliuza tuktuk moja kulipia nyingine, kisha akauza na hiyo, akaenda Taru kufanya biashara ya mbuzi na mtu aliyemjua juujuu. Ukame ukawala mbuzi, na yule mtu akala kilichobaki.

Nilidhani sasa watarudi. Hawakurudi. Makame alipanga chumba huko huko Ukunda, na alipokuja Msambweni alipita njia ya mbali asionwe na mama. Ubeid alimwambia kila aliyetaka kumsikiliza kwamba angepewa haki yake yote mwanzoni asingefilisika. Na mama alianza kukonda. Daktari hakuona ugonjwa. Alikuwa akipakua sinia zima, anakula matonge machache, anafunika, jioni anawapa watoto wa jirani.

Hapo ndipo nilipoapa moyoni kwamba wale wawili watakaa kwenye sinia lile mama angali hai, hata kama ni kwa kuvutwa masikio. Nilimfuata Makame Ukunda, akanipa soda na visingizio. Nilimpigia Ubeid simu, akasema atakuja Makame akishatubu. Nikarudi, nikaendelea kushona, na nia yangu sikuibadilisha.

Kilichowaleta si mimi. Ni Tembo. Alikuja kwetu na salamu ndefu, akasema mwenye jumba anataka kujenga bwawa la kuogelea upande wa kibla, na wageni wake wanaogopa nazi kuwaangukia. Aliniletea bei ya safu nzima, ikatwe. Ilikuwa bei kubwa, kubwa kuliko fungu nililopata kwa shamba lenyewe, na nikiri kwamba nilimwekea chai. Nilimwambia nitafikiri. Kabla hajamaliza chai hiyo, habari ilikuwa imeshafika Ukunda na Taru.

Ijumaa baada ya sala walikuja wote wawili. Makame alikuwa amevaa kanzu ya zamani, Ubeid ameteketea kwa jua la Taru. Walipeana mikono shingo upande. Lakini mama hakuangalia shingo za mtu. Alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaweka sinia katikati ya mkeka, na kila mmoja akaenda upande wake bila kuambiwa.

Tulianza kula. Kisha Makame akainua kidole kuelekea dirishani, akasema, "Kunguru yule." Ubeid akatazama. Naapa alitazama. Tonge likaenda, na mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tulipohama. Nikajiambia, kama bei ya kicheko hiki ni minazi, basi na iende. Nilikuwa tayari kabisa. Neno lilikuwa mdomoni.

Ubeid akanitangulia. Aliniambia kwa upole kwamba minazi ni minazi tu, nikiuza tutaanza upya sote. Makame akaitikia, akasema mafungu yawe matatu, na kwamba yeye ataonana na Tembo kwa kuwa anamjua.

"Unamjua," akasema Ubeid. "Ndivyo ulivyomjua mara ya kwanza."

Makame akamwambia aliyepoteza mbuzi wa watu asimfundishe biashara. Ubeid akajibu kwamba mbuzi walikufa kwa ukame, si kwa kuhongwa. Wakaendelea hivyo, sauti zikipanda, kila mmoja akinyoosha kidole chenye wali juu ya samaki. Waligombania pesa ambazo hazikuwapo, za minazi ambayo si yao. Mama alikuwa ameshika kipande cha samaki alichotaka kumsukumia Ubeid, na mkono wake ulikuwa umesimama palepale hewani. Niliuangalia mkono ule, nikalimeza neno nililokuwa nalo na kutoa jingine.

"Siuzi," nilisema. "Sikuuza siku ile na sitauza leo, hata Tembo aje na gunia. Pesa mnazogombania hapa hazipo. Kilichopo ni minazi, panga na kazi. Anayetaka kula kwa minazi hii, aikwee."

Ubeid alinitazama. Nilitumaini atanitukana, maana mtu anayetukana bado yupo. Hakunitukana. Alinawa, akaubusu mkono wa mama, akamwomba radhi na kuondoka. Mama alimwita kwa jina mara moja. Tulisikia viatu vyake vikipita ukuta wa msikiti, kisha hatukusikia tena.

Makame alibaki. Labda hakuwa na nauli, siwezi kumsingizia wema. Aliinamia sinia, akaniuliza ni nani anayenikwelea siku hizi. Nikamtajia Kahindi.

"Nimeiona minazi yako kutoka barabarani," alisema. "Anakata makuti mabichi mno. Akiendelea hivyo ataiua, dada."

Nilimwambia kamba yake ya kukwelea iko nyuma ya mlango. Mama ndiye aliyeitoa kule shambani siku tuliyohama, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Asubuhi yake aliichukua. Tulikwenda pamoja mpaka kwenye geti la jumba lililosimama pale tulipozaliwa. Askari wa zamu alikuwa kijana wa bara aliyenizoea mimi, lakini hakumjua Makame. "Huyu mzee ni nani?" akauliza. Ningeweza kujibu. Nilifunga mdomo makusudi. Makame aliangalia lile jumba, akaangalia safu ya minazi nyuma yake, akavua miwani.

"Mimi ni mkwezi," alisema. "Nakwea minazi ya dada yangu."

Askari akafungua. Makame alikwea polepole, akipumzika njiani, na mara mbili nilidhani atashuka. Hakushuka mpaka safu nzima ilipokuwa safi. Viganja vyake vilitoka malengelenge na kifua kikachubuka, na alipofika chini alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu alipotajirika.

Mchana mama alipakua. Aliutandaza wali kwenye sinia zima kama kawaida yake, akaweka samaki katikati. Makame alikuwa na njaa ya mkwezi, akaumaliza upande wake upesi, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye upande wa Ubeid. Hakuonyesha kunguru, maana hapakuwa na wa kutazama. Mama alimshika kifundo cha mkono, bila nguvu.

"Huo wa mwenzio," alisema.

Makame akarudisha mkono, akainamisha kichwa na kulia mbele yetu, na hatukumzuia. Mama akaufunika ule upande kwa kawa, akauacha pale kwenye mkeka.

Kesho napitia Kinango kwenda Taru. Maneno matamu sina, na pesa za kumpelekea sina. Nitamwambia Ubeid kwamba upande wake unapoa, na kwamba mwizi wake amerudi. Asipokuja nitakwenda tena wiki ijayo, na ile inayofuata, mpaka achoke kuniona.