Glasi Nane

Kadi zilikuja Jumatatu, za rangi ya waridi, na nilipoziona tu nilijua kazi imeongezeka. Aliyezileta ni dada mmoja wa ofisini mwenye viatu vyeupe. Mtu anayeingia chumba cha kufulia na viatu vyeupe ujue hajawahi kuingia. Alisimama mlangoni, mbali na maji ya sabuni, akatusomea: maji glasi nane kwa siku, usingizi wa saa nane, kunyoosha viungo mara tatu, kutembea nusu saa kwenye hewa safi, na kukaa kimya robo saa bila kuwaza kazi.

"Mwili ni wako mwenyewe," alisema. "Utunze, nguvu zitarudi."

Tukampigia makofi. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja tunaofua mashuka ya hospitali nzima, na mashine ya pasi ilikuwa inanguruma nyuma yetu, nusu yetu hatukusikia kitu. Wifi yangu akaniinamia sikioni.

"Kukaa kimya robo saa? Mimi? Labda wanishone mdomo."

Alikuwa mke wa kaka yangu. Kaka alifariki mwaka jana, nikahamia kwake tukalea watoto wawili pamoja, na kazini tukapangwa pamoja vilevile. Yeye pembe ya kushoto ya shuka, mimi ya kulia: tunalivuta, tunalikung'uta, tunaliingiza kwenye rola za moto. Zamu nzima alikuwa anaongea. Akikosa la kusema, huvuta pembe yake ghafla ili mimi nipepesuke, kisha anacheka peke yake. Mwanamke yule alinichosha, na nilimpenda.

Kila kadi ilikuwa na mistari mitano na siku saba, unaweka tiki kwa kila ulichofanya, unaikabidhi Ijumaa kwa Msimamizi wa chumba chetu. Mwenye nafasi tupu nyingi aliitwa kwenye kikao cha ushauri wakati wa chakula, na muda wetu wa chakula ni dakika ishirini. Wa kwanza kuitwa alikuwa mama mmoja wa upande wa kukunja. Alirudi na njaa yake, amekaa dakika zote ishirini akishauriwa asiruke mlo.

Baada ya hapo hakuna aliyejifanya mkweli. Kila Ijumaa tulikalia magunia ya mashuka machafu tukajaza wiki nzima kwa mkupuo, hata Jumamosi na Jumapili ambazo hazijafika. Tulikuwa na utaratibu wetu: kalamu ya bluu mpaka Jumatano, nyeusi kuanzia Alhamisi, na tunaacha matembezi ya siku moja moja ili ionekane ni kweli. Mimi ndiye mwenye mkono mzuri, kwa hiyo nilijazia nusu ya chumba. Kadi ya wifi ilikuwa yangu siku zote, maana ncha za vidole vyake zilikuwa zimebabuka kwa moto wa pasi na kalamu ilimuuma.

Ijumaa ya wiki ya sita akanishika mkono.

"Wifi, leo usiniwekee tiki. Iache tupu."

"Unataka kuitwa?"

"Nataka. Kichwa kinanigonga tangu Jumapili. Usingizi sina, na miguu hii angalia, haiingii kwenye kiatu. Wakiniita nitawaambia wanitoe kwenye pasi, wanipeleke kukunja."

Upande wa kukunja kuna viti, na dirisha.

"Watakupeleka kukunja au watakupeleka nyumbani moja kwa moja?"

"Iache tu, wifi," alisema, akaenda kubadilisha nguo.

Ningependa kusema nilisahau. Sikusahau. Nilikaa na kadi ile mapajani nikaona mimi ni mkubwa kwake, mimi naijua ofisi, na mtu anayejitangaza kuchoka ndiye wa kwanza kupunguzwa. Nikaona namwokoa. Nikamjazia yote, bluu kisha nyeusi. Jumapili nikamwandikia glasi tisa za maji, kwa madoido.

Jumatatu hakusubiri kuitwa. Wakati wa chakula alikwenda mwenyewe kwa nesi wa wafanyakazi, na baada ya dakika kumi alikuwa amerudi kwenye mashine.

"Amefungua faili akatoa kadi," aliniambia huku tunavuta shuka. "Eti mama, wewe unalala vizuri, unakunywa maji kunishinda mimi, huo ni uchovu wa msiba, utapita. Kipimo cha presha kiko pale mezani, hata hakukigusa." Akanitazama. "Nani aliniwekea tiki?"

"Mimi niliiacha tupu," nilisema. "Labda Msimamizi. Si unamjua anavyoiogopa ofisi?"

Akaniamini. Aliniamini bila hata kufikiri, na siku mbili nzima alikuwa akimpita Msimamizi bila salamu, mzee wa watu hajui kosa lake. Nilikuwa bado na nafasi. Nesi alikuwa ng'ambo ya ukumbi, hatua hamsini hazifiki. Kila saa nilijiambia nitakwenda nikimaliza toroli hili, na toroli la mashuka ya hospitali haliishi.

Jumatano saa nne asubuhi pembe yake ililegea. Nilidhani ni mchezo wake, nikajikaza nisipepesuke, nikacheka kabisa. Shuka likaingia kwenye rola upande. Nilipogeuka alikuwa chini, nusu ya shuka bichi imemfunika, na mdomo wake umekwenda pembeni.

Daktari alisema mshipa umepasuka kichwani. Presha ilikuwa juu kwa muda mrefu. "Ingepimwa hata juzi Jumatatu," alisema, akaendelea kuongea. Mimi sikusikia tena kitu.

Nilitoka pale nikaenda kwa nesi nikamweleza. Kadi ya wifi niliijaza mimi. Za chumba kizima tunajaza wenyewe, kwenye magunia, kila Ijumaa. Alinisikiliza mkono uko mdomoni. Nilitaka anifukuze, aite ofisi, apige kelele. Alichofanya ni kuchukua faili la kadi za waridi, akaliingiza kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo.

"Rudi kazini, mama," aliniambia.

Ijumaa kadi mpya zililetwa. Nilizijaza, isipokuwa ya wifi, maana jina lake lilikuwa limeshatolewa kwenye orodha.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu aanguke. Wifi yuko nyumbani, upande wa kulia umekufa, na maneno yamekwenda nao. Anaelewa kila kitu. Asubuhi jirani anamwangalia, mchana narudi mimi. Nampa maji kwa kijiko, vijiko arobaini kwa glasi, maana akimeza haraka yanampalia. Namnyoosha mkono na mguu mara tatu kama tulivyofundishwa. Hewa safi naihesabu mlangoni kwenye kiti, nusu saa. Halafu analala, na analala sana. Nilichukua kadi moja tupu kazini nikaitundika ukutani, naweka tiki kila ninapomaliza. Ni kadi ya kwanza niliyowahi kujaza kwa haki. Mstari wa mwisho, wa kukaa kimya, sikuugusa.

Na alikuwa anaanza kurudi kidogo. Wiki iliyopita, niliposukuma mlango, alisema, "Wi." Watoto walirukaruka. Alirudia kesho yake na kesho yake tena, kila nikiingia, na jasho linamtoka kwa kulitafuta hilo neno. Analitafuta neno la kuniita mimi.

Hapo ndipo niliposhindwa. Leo nimeingia, akasema "Wi," nikakaa kitandani na glasi ya maji mkononi.

"Wifi, si Msimamizi. Ile kadi ni mimi. Uliniambia niiache tupu nikaijaza, kisha nikakudanganya. Nilijua, nikanyamaza mpaka Jumatano."

Alinitazama sana. Mkono wake mzima ukainuka, nikadhani atanipiga, na Mungu anajua nilikuwa namwomba anipige. Ulinipita. Ulionyesha ukutani. Nikashusha kadi nikampa na kalamu. Akaiweka juu ya goti, akaenda mpaka mstari wa mwisho, akaweka tiki ya Jumatatu kwa mkono wa kushoto usiojua kuandika. Akaweka ya Jumanne. Leo ni Jumanne. Akaendelea, Jumatano, Alhamisi, taratibu, ulimi umebanwa na meno, mpaka Jumapili.

Kisha akanirudishia kalamu. Nikachota maji, nikampelekea kijiko mdomoni, nikasubiri. Midomo yake ilikuwa imefungwa.