Bibi Tulizana na Kopo la Bluu

Mwanangu Uwesu anaishi Masasi mjini na kazi yake ni kuwa mimi. Anavaa gauni, anajifunga kanga, anajaza matambara kifuani, anavaa nywele za bandia zenye mvi, kisha anasimama mbele ya simu na kuanza kugomba kama ninavyogomba mimi. Watu wanacheka mpaka Dar es Salaam. Huyo mwanamke anayemwigiza amempa jina la Bibi Tulizana, eti kwa sababu nikikasirika huwa nawaambia wenzangu watulizane, na anayetakiwa kutulizana ni mimi.

Mara ya kwanza aliponionyesha nilitaka kumchapa. Mara ya pili nikacheka, maana ule mwendo wa kuburuta ndala ya kushoto ni wangu kabisa, na ile tabia ya kusonya kwanza ndipo niitikie shikamoo, siwezi kuikana. Nikamruhusu. Nilimpa sharti moja tu, hapa hapa uani kwangu Mkunya: "Nivae utakavyo, lakini usinisemeshe nisichoweza kusema." Akaapa.

Tangu hapo, nikienda Newala mjini au mnadani Tandahimba, watu nisiowajua wananiamkia kwa jina lile. Nilijifanya sipendi. Nilipenda sana.

Sasa mwaka huu, mikorosho ikiwa inatoa maua na watu wako mashambani wanaipulizia dawa ya salfa, binti yangu Maryam akaja kujifungulia kwangu. Ni mtoto wake wa kwanza. Mumewe Hamudi ana shamba kule Chiungutwa na asingeweza kuliacha msimu ule, na hata angeweza, mzazi wa mara ya kwanza anakaa kwa mama yake. Akazaliwa mtoto wa kiume, tukamwita Nurdini, jina la marehemu baba yangu. Mwekundu, ana hasira, ana sauti. Nilimpenda papo hapo na sikuona haya kumwambia.

Asubuhi nilimpikia mama yake uji wa karanga, mchana kisamvu, na ming'oko, vile viazi vya porini, ilipopatikana nikaichemsha. Nikamkanda kwa maji ya moto mpaka akaomba kupumzishwa. Mtoto akanyonya, akalala, akalowesha nepi, akanyonya tena. Nesi wa zahanati alimweka kwenye mizani akasema anaongezeka vizuri, tuendelee vile vile. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Halafu mtoto akaanza kulia jioni. Watoto wachanga hulia jioni, ndiyo tabia yao. Jua likizama wanakumbuka shida zao zote. Lakini Maryam akaingiwa na wasiwasi kwamba hana maziwa ya kutosha. Akajikamua kidogo kwenye kijiko, akanionyesha.

"Mama, tazama. Mepesi kama maji ya mchele."

"Yanaanza mepesi, akiendelea kunyonya yanakuja mazito," nikamwambia. "Tulizana. Sikiliza koo lake. Utasikia anameza."

Akainamisha kichwa kidogo tu, akakiinua. "Sisikii kitu."

Asingeweza kusikia. Simu ilikuwa pembeni yake inapiga kelele, na aliyekuwa anapiga kelele kwenye simu ni mimi.

Nikasogea kuangalia. Kweli, Bibi Tulizana, na kanga ya maua ya zambarau kama yangu, amekumbatia kopo la bluu la maziwa ya watoto. "Tulizana, mwana!" alikuwa anasema. "Maziwa mepesi? Mtoto analia jioni? Usijitese. Mimi wajukuu zangu wote wamekua kwa hili." Kisha akasonya, akaburuta ndala, akaondoka zake.

Wajukuu zangu wote! Kopo lile sijawahi kulitumia hata kuwekea chumvi.

"Kaka asingesema uongo kwa sauti yako," Maryam akasema polepole. Hakuwa ananibishia. Alikuwa amechoka na anatafuta mtu wa kumwamini, na hilo ndilo lililoniuma. Mimi nimekaa mbele yake, nanuka moshi wa jikoni, na anayesikilizwa ni yule wa kwenye simu.

Nisieleweke vibaya. Kopo si adui yangu. Jirani yetu Agatha alifariki akijifungua, mwanawe akalelewa kwa maziwa ya kopo, na leo anakimbizana na kuku wangu, hana kasoro yoyote. Mtoto aliyefiwa na mama, au ambaye mama yake hawezi, apewe, na Mungu awabariki walioyatengeneza. Lakini Maryam alikuwapo, mzima wa afya, na maziwa yake. Shida ni kwamba alianza kumnyima mtoto bila kujua. Anamweka kidogo, anamtoa, anajitazama kifuani, anasikitika. Nilijua akiendelea hivyo maziwa yatapungua kweli, na simu itaonekana ilisema kweli. Nilikosa raha kabisa.

Na majirani nao hawakunisaidia. Mama Sharifu wa ng'ambo ya barabara, ambaye zamani nilimkalisha chini siku nzima kumfundisha kumweka mtoto vizuri kwenye ziwa, alikuja mikono kiunoni.

"Mama Uwesu, kumbe! Mimi ulinikatalia kopo, kumbe lako liko kabatini."

Nikamfungulia kabati aangalie. Akaangalia kweli, mpaka nyuma ya sufuria.

Nikampigia Uwesu. Nilianza kwa ukali lakini yeye alikuwa na furaha mno, hata hakunisikia.

"Mama, lile si tangazo. Maziwa ya watoto sheria imekataza kuyatangaza. Kile ni kichekesho tu, kopo limepita kwenye picha. Na watu wa kampuni ya kopo wamekipenda! Jumamosi nakuja na Gervas, wanataka cha pili, nikiwa na mtoto mwenyewe mkononi. Dada namletea katoni nzima."

Maryam alisikia neno katoni, uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza wiki ile. Nikameza maneno yote niliyokuwa nimeyapanga. "Karibuni," nikasema.

Jumamosi wakafika kabla ya adhuhuri. Gervas, rafiki yake anayempiga picha, alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo, Mama Uwesu," nami nikasonya kwanza ndipo nikaitikia marahaba. Wakatazamana wakacheka. Uwesu akamnyanyua mtoto juu, akamwita mpwa wake, akambusu miguu. Kusema haki, anampenda. Kwetu mjomba ni mtu mzito, akisema neno juu ya mtoto wa dada yake linasikilizwa, na Maryam alikuwa anamtazama kama amekuja kumtoa kifungoni. Katoni ikawekwa barazani. Chupa ikaoshwa, maji ya chupa ya chai yakamiminwa, kopo likafunguliwa.

Uwesu akaingia ndani kuvaa. Baada ya muda akachungulia mlangoni, kichwa kina mvi, kifua kimejaa.

"Mama, kanga nimeisahau Masasi. Niazime yako."

Kanga safi ninazo, zimekunjwa sandukuni. Nilitaka kwenda kuzitoa, wallahi. Lakini nilipopita kitandani kwa Maryam nikaiona ile aliyokuwa anajifunga usiku na mchana tangu ajifungue, anayolalia na mtoto, anayojifutia maziwa. Ilikuwa inasubiri kufuliwa. Sikuwa na mpango wowote mkubwa. Nilikuwa na hasira tu, nikasema moyoni, kama unataka kuwa mwanamke wa nyumba yenye mtoto mchanga, basi nuka kama sisi. Nikampa. Akajifunga mabegani bila kuuliza.

Wakapanga mambo yao uani. Gervas alisimamisha simu kwenye kijiti chake cha miguu mitatu, Uwesu akakaa kwenye kiti, kopo la bluu kwenye stuli pembeni yake. Maryam alimkabidhi mtoto, akaenda kusimama nyuma ya Gervas. Mtoto alikuwa ameamka muda huo huo na hajanyonya.

"Tulizana, mwana," Uwesu akaanza, kwa sauti yangu. "Bibi yupo." Akapeleka chupa.

Nurdini hakuitazama. Alikuwa amenusa kanga. Akageuza uso, akafungua mdomo, akaanza kujipigapiga kwenye kifua cha mjomba wake, kushoto, kulia, kushoto, kwa bidii ya mtu anayejua anachokitafuta na anajua kiko hapo. Uwesu akarudisha chupa. Mtoto akaisukuma kwa ulimi, akarudi kwenye matambara. Akapata pembe ya kanga, akaivuta kwa mdomo, akainyonya, akaona si yenyewe, akahamia upande wa pili.

"Wee mwana!" Uwesu akapiga ukelele, bado kwa sauti yangu, kampuni imeshamtoka kichwani. "Hapo hamna kitu! Hayo ni matambara, jamani, matambara matupu!"

Gervas alicheka mpaka kile kijiti kikayumba. Mimi nilikaa chini kwa kicheko. Hata Mama Sharifu, aliyekuwa anajifanya anapita barabarani, nilimsikia akipiga makofi.

Ambaye hakucheka ni Nurdini. Alikuwa na njaa na alikuwa amedanganywa. Alijikunja, akavuta pumzi, akatoa kilio ambacho nadhani walikisikia sokoni.

"Mama."

Nikageuka. Maryam alikuwa amesimama pale pale, mikono ameiachanisha na mwili, anajitazama kifuani. Gauni lake la rangi ya maji ya bahari lilikuwa limelowa pande zote mbili, na ule unyevu ulikuwa unateremka kuelekea tumboni. Matone yakaanza kudondoka mchangani.

"Mama, yanamwagika. Sijamshika hata."

"Yamesikia mwenyewe analia," nikamwambia.

Maryam akapita mbele ya simu bila kujali nani anapigwa picha, akamchukua mwanawe mikononi mwa Bibi Tulizana, akaketi mkekani. Kilio kikakatika. Gervas, kijana mwenye adabu zake, akageuka kutazama mikorosho. Uwesu akavua zile nywele, akazishika magotini. Nywele za mwanangu zilikuwa zimelowa jasho na uso wake ulikuwa ule wa utotoni, akiwa amevunja kitu.

"Gervas, zima," akasema.

Katoni ilirudi Masasi na gari lile lile lililoileta. Alichoenda kuwaambia watu wa makopo ni shauri lake, mimi sikuuliza, ila kile kichekesho cha kwanza alikifuta. Badala yake, Maryam alipomkubalia, alirusha hiki cha mtoto na matambara, bila kopo, na mwishoni akavua nywele akasema kwa sauti yake mwenyewe kwamba yale maneno ya wajukuu hayakuwa ya mama yake. Siku hizi mnadani wananiita Bibi Matambara. Najifanya sipendi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Pale uani, Uwesu alikuja kupiga magoti mbele yangu, kifua chake bado kimejaa, kikubwa kuliko changu.

"Nisamehe, mama. Nilikusemesha."

"Ulinisemesha," nikasema. "Na dada yako alikuamini."

Akainama. Kisha akauliza, na aliuliza kweli, si kwa mzaha: "Ungekuwa wewe pale mbele ya simu, ungewaambia nini?"

Nikafikiri. Mimi ni mtu wa maneno, kila mtu anajua, mpaka mwanangu anakula kwa maneno yangu. "Ningenyamaza," nikamwambia.

Basi tukanyamaza, na Gervas naye. Kuku walikuwa wamekimbilia kivulini, barabarani hapakuwa na pikipiki, simu ilikuwa imezimwa. Maryam alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mtoto, na safari hii hakukiinua haraka. Alikaa hivyo, midomo imeachama kidogo, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili. Kisha akanitazama, macho yamejaa machozi, anatabasamu.

"Mama," akasema kwa kunong'ona, asije akamkatisha. "Anameza. Nasikia."