Chungu Chenye Mfuniko

Violeth hakuwa mtu wa majivuno, lakini jioni ile somo lilipokwisha alijisifu kimoyomoyo. Yeye, mzaliwa wa Ngokolo pale Shinyanga mjini, alikuwa amesimama mbele ya wachimbaji wenye vumbi hadi kwenye kope, akawaambia kwamba zebaki wanayoichezea kwa vidole ni sumu. Ukiichoma, mvuke wake huuoni wala huunusi, lakini unaingia mwilini mpaka mikono inaanza kutetemeka. Kwa mama mjamzito, unamfuata mtoto huko huko tumboni. Aliposema hilo la mwisho, wote waligeuka kumtazama Paskazia.

Paskazia, Mama Enock, ndiye aliyeajiriwa kuchoma dhahabu kwenye duara, yaani shimo la machimbo, la mzee Mabula, na mimba yake ilikuwa imeshakuwa kubwa. Kila siku aliweka donge jeupe la dhahabu na zebaki juu ya kipande cha bati, akapuliza mkaa mpaka zebaki iishe na njano ibaki. Walimtoa Ushirombo wakampa kazi hiyo kwa sababu moja tu: hajawahi kudokoa hata chembe. Machimboni sifa hiyo ni adimu kuliko dhahabu yenyewe, jamani.

Violeth alikuwa amekuja na chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba. Mvuke hupita bombani, ukapoa, zebaki ikadondokea kwenye bakuli la maji. Mabula akakubali kijaribiwe.

Asubuhi wenye hisa wote walikizunguka. Ndiyo desturi yao: dhahabu ikichomwa, kila mwenye fungu lake husimama pale akiiangalia inavyobadilika rangi, na hata haja ndogo haendi mtu. Siku hiyo walisimama wakaangalia chuma, watu wazima wamezunguka chungu kama wanaosubiri ugali. Paskazia alikuwa peke yake karibu na moto, akichochea.

Mfuniko ulipofunguliwa, dhahabu ilikuwa ya hudhurungi, na ndogo.

"Donge hili lilikuwa kubwa," alisema Mabula.

"Halikukamuliwa vizuri kwenye kitambaa," alisema Violeth. "Mlichokiona kikubwa ni zebaki. Hii hapa kwenye maji, tazameni!"

Hakuna aliyetazama bakuli. "Mayu, mama yangu," Mabula alimwambia kwa upole, "macho hayana pazia. Wewe umetuletea mfuniko."

Nyuma yao mtu akauliza, "Kwani nani alikaa na chungu?"

Paskazia aliinuka. Alifungua fundo la kanga yake akalikung'uta, kisha akapanua kinywa na kuinua ulimi mbele ya wanaume wale. Hakuna aliyemwambia pole. Violeth akamvuta Mabula pembeni kwa hasira.

"Basi mwingine achome."

"Mwingine nani? Hawa wanamtaka yeye. Ila wamwone."

Mchana donge la pili likawa tayari. Paskazia akachukua bati lake la zamani, akavuta kigoda. Violeth akachuchumaa kando yake na mfuniko mkononi.

"Mama Enock, nakuomba. Nilikuambia habari ya mtoto."

"Uliniambia, dada, na nilikusikia. Usiku nimekesha nikiyafikiria." Alipanga mkaa bila kumtazama. "Wewe kesho unarudi Shinyanga. Hapa mwizi hapelekwi polisi, unajua wanamfanya nini? Huyu mtoto nitamzaa nikiwa wapi?"

Violeth aliinua uso akaangalia upepo unakotoka.

"Basi geuza uso," alisema. "Kaa upande unakotoka upepo."

Paskazia akahamisha kigoda, akawapa wanaume mgongo.

"Geuka huku tukuone!" wakapaza sauti.

Akageuka. Upepo ukawa unamjia usoni, tumbo limekaribia kugusa jiko. Donge likaanza kusinyaa, kisha njano ikajitokeza kidogo kidogo mbele ya macho ya kila mtu. Wanaume wakaangua kicheko cha ahueni.

"Si nilisema?" alisema yule yule aliyeuliza asubuhi. "Mama Enock hana neno!"

Violeth bado alikuwa ameshika mfuniko. Paskazia alitabasamu, jina lake limesafishika, akavuta pumzi ndefu, akapuliza tena.