Vijiti vya Kuofeng

Majibu ya maabara yalifika asubuhi ya siku ya mkutano, na Wanru akatamani kuitupa kompyuta dirishani. Kuku! Karibu kila kinyesi cha paka-mwitu walichookota katika vilima vya Miaoli kilikuwa na vinasaba vya kuku.

Mchana huo wafugaji walikuwa wakutane kwenye ukumbi wa hekalu kuamua kama watawatega paka hao. Mzee Peng, ambaye kuku wake walikuwa wakitoweka tangu majira ya baridi, alikuwa amekubali kungoja majibu ya vijana wa chuo. Na paka wenyewe walibaki wachache mno kuhimili mitego.

Wanru akaendelea kusoma. Nguruwe. Mpunga. Soya. Kabichi.

Paka gani anakula kabichi?

"Kaka Kuofeng," akamwita mwenzake aliyemtangulia chuoni, ambaye ndiye aliyeokota sampuli nyingi. "Kule mlimani mavi ulikuwa unaokotea nini?"

"Vijiti vya kulia. Kama kila mtu."

"Vipya?"

Kuofeng akaacha kutafuna. "Vile vinavyokuja na boksi la chakula. Lile la paja la kuku, la pale stesheni."

"Baada ya kula?"

"Nilivifuta, dada! Tena vizuri, kwa karatasi. Ulitaka nitupe vijiti vizima vya watu? Si wewe unayetuhubiria kutunza misitu kila siku?"

Wanru akafumba macho. Miezi yote ile ya kupanda vilima na kubandua ruba miguuni, kumbe walikuwa wanachunguza chakula cha mchana cha Kuofeng.

"Wa kutegwa ni wewe," akasema. Hakuzoea kufoka, masikio yalimwaka moto.

"Lakini si afadhali? Paka hana kesi. Kuku alikuwa wangu."

Ilikuwa afadhali kweli, hadi Wanru alipofungua majibu ya sampuli zake mwenyewe, chache tu, alizookota kwa vijiti vipya alivyovitoa kwenye karatasi zake palepale. Humo hapakuwa na mpunga wala kabichi. Panya, panya, mjusi, panya. Na katika kinyesi kimoja, cha karibu na banda la Mzee Peng, kuku.

Kuofeng akachungulia juu ya bega lake. "Hicho kiache tu. Nani atajua?"

Wanru akaifunga kompyuta.

Ukumbini alisimama akiwa ameshikilia ukingo wa meza, akaeleza habari ya vijiti. Watu walicheka mpaka bibi mmoja akajifuta machozi.

"Kwa hiyo mmesomeshwa miaka yote hiyo mje kupima matumbo yenu?" akauliza bibi huyo.

"Binti," Mzee Peng akakatiza, naye hakuwa anacheka. "Nijibu moja. Kuku wangu kaliwa, hakuliwa?"

Kuofeng alimtazama Wanru kwa macho ya kumsihi.

"Ameliwa, baba. Paka amekula kuku wako. Lakini zaidi anakula panya. Panya wengi sana."

"Si nilisema! Tangu mwaka mpya nasema!" Mzee akapiga meza, kisha akasita. "Panya? Hawa wanaonimalizia chakula cha kuku?"

"Hao hao."

Mzee Peng akasonya. Akamgeukia Wanru.

"Ungeniambia hajala hata mmoja, ningetega leo leo. Manyoya nimeyaona kwa macho yangu." Akakuna kidevu. "Banda lina tundu juu kule, nami nimechoka kupanda ngazi. Waya wa kuliziba ninao. Mitego ingoje kwanza." Akamnyooshea Kuofeng kidole. "Ila huyu mwenye njaa ndiye atakayepanda na nyundo."

"Chakula kitakuwepo, baba?" Kuofeng akauliza.

Wanru alimkanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu zake zote.